Kaye ya Njia

Kalemie, biro ya gare ya treni, mchana

Sifa mwanangu,

Kesho asubuhi unapanda treni kwenda shule Kisangani, na mimi nimekaa hapa nyuma ya dirisha langu la kazi nakuandikia barua, kama vile hatulali nyumba moja. Najua utasema: huyu Papa, si angeniambia tu kwa mdomo? Nimejaribu tangu Jumapili. Kila nikifungua kinywa, ama mama yako anaingia na sufuria ya ndagala, hizo dagaa anazokukaangia za safari, ama wewe unacheka na rafiki zako pale barazani, na mimi naishia kuuliza kama kufuli ya sanduku inafunga vizuri. Umeniambia mara nne kwamba inafunga.

Maneno ya kuchemsha maji, ya kutolala karibu na mlango wa behewa, ya kutomwamini mtu anayecheka sana, hayo mama yako amekuimbia wiki nzima. Siyarudii. Nina neno moja tu, na kwangu ni zito, kwa hiyo naliandika mwanzoni nisije nikalikimbia tena.

Jumapili, tulipotoka misa, uliniuliza: "Papa, likizo kubwa nitarudi? Njia ya kurudi iko?" Nikakujibu: "Iko." Sikufungua kaye, lile daftari langu la njia, sikufikiri, nilikujibu kwa ile sauti yangu ya dirishani. Nilikudanganya. Njia ya kurudi haiko, na nilijua tangu Alhamisi. Mwenzangu wa gare ya Kindu, pale mnapoacha treni na kushika mto, alinipigia simu ya reli akaniambia kwamba boti ya mto inashuka mara moja tu tena, wiki ijayo, na ndiyo hiyo mtakayopanda ninyi wanafunzi. Mashine yake imechoka. Kushuka itashuka, maji yataibeba. Kupanda haiwezi. Ikifika chini itafungwa kamba hapo hapo, na nyingine haiko. Niliuliza pia barabara za msituni. Madereva wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waliniambia magari yamezama kwenye matope tangu mvua za mwaka jana na watu wameyaacha. Ndege usinitajie, ndege si za watoto wa karani. Kwa hiyo kutoka Kalemie mpaka Kisangani unafika. Kutoka Kisangani mpaka Kalemie hufiki. Labda mwaka mmoja, labda miaka mitano. Hakuna anayejua.

Sasa umekasirika. Kasirika, ni haki yako. Lakini soma mpaka chini, maana si mara ya kwanza mimi kumwambia mtu wa nyumba yangu "iko" wakati haiko.

Kazi yangu unaijua kwa nje tu. Unajua Papa anakaa gare na watu wanamwita Citoyen Njia, yaani Mwananchi Njia, na kumletea samaki. Nikupe habari yenyewe. Nilipoanza hapa, wewe hujazaliwa, watu walijipanga mbele ya dirisha hili toka asubuhi, na wengi hawakuuliza bei wala saa. Waliuliza kwanza: kutoka hapa, kule nafika? Mtu ana mahindi yake, au mgonjwa wake, au mchumba aliyempata mahali mbali, na anataka kujua kitu kimoja tu, ndiyo au hapana. Na hilo jibu fupi njo lilikuwa linatuua. Nilikuwa naweka kidole kwenye ramani hapa Kalemie, nafuata reli mpaka Nyunzu, mpaka Kabalo, hapo njia inagawanyika, nafuata mkono mmoja mpaka unaishia, narudi, nafuata mwingine, naingia kwenye mto, naingia kwenye barabara, huku nikiuliza kwa simu kama hii inapita na ile inapita. Mtu mmoja alikula saa nzima. Mtu akiuliza mahali ambapo hapafikiki njo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ili umwambie hapana kwa haki, lazima kidole kiwe kimepita kila mahali.

Nikasema, mimi nina kichwa, siwezi kuishi hivi. Nikanunua kaye kubwa nikaanza kuandika majibu yote kabla hayajaulizwa: kutoka kila mahali kwenda kila mahali. Ee mwanangu. Kaye tatu zilijaa na sijafika hata nusu. Halafu barabara moja ikafunguliwa huko Manono, moja tu, na kurasa zangu zikaharibika kwa makumi. Shefu alizitazama akaniuliza kama naandika Biblia. Biro nzima ilicheka, na mimi nilicheka kwa meno tu.

Ndipo kikanijia kitu ambacho mpaka leo najivunia, hata baada ya yote. Niliona kwamba watu karibu wote, waende popote, wanapita mahali pachache. Ukitoka Kalemie unapita Kabalo, au Moba, au Kigoma kwa ng'ambo. Basi nikachagua mahali pakubwa kama kumi na mbili, nikapaita milango. Kwa kila mji na kila kijiji nikaandika mistari miwili tu. Mstari wa juu: kutoka hapa unaweza kufika milango gani. Mstari wa chini: kutoka milango gani unaweza kufika hapa. Ni mistari miwili tofauti, usichanganye, maana mahali pengi pa nchi hii unafika na hutoki, au unatoka na hufiki. Mtu akija kuniuliza kutoka kwetu mpaka kwao, natazama mstari wa juu wa kwetu na mstari wa chini wa kwao. Kama kuna jina moja la mlango kwenye mistari yote miwili, njia iko. Kama hakuna jina linalofanana, haiko. Yamekwisha. Kaye moja nyembamba, na jibu kabla mtu hajameza mate.

Ulimwengu ulibadilika, Sifa. Foleni iliisha. Watu walikuja kuniuliza hata wasiokuwa na safari, kunijaribu tu. Hata abakosti, ile suti ya serikali niliyoshonewa na gare mwaka ule niliivaa mpaka sokoni. Nilivimba kichwa, na siku hizo ndizo nilizofanya ubaya wangu.

Kaye ile ilikuwa na ugonjwa mmoja, na mimi nilikuwa naujua. Njia mpya ikifunguliwa, kazi ni ndogo, unaongeza jina la mlango pale linapohitajika. Lakini njia ikifa, majina hayafi yenyewe. Yanabaki pale, wino mzuri, yanakutazama. Na mimi nilikuwa nimeandika jina tu, sikuandika jina hilo limesimama juu ya njia gani. Kwa hiyo boti moja ikisimama, au daraja likienda, siwezi kujua ni majina gani ya kufuta na yapi yaachwe kwa sababu yana njia nyingine. Lazima nianze upya, mstari kwa mstari, simu kwa simu, siku mbili au tatu. Nilichofanya ni kuandika habari ya njia iliyokufa kwenye kikaratasi na kukichoma kwenye msumari ukutani, nikisema nitarekebisha Jumamosi. Jumamosi inafika, tuko Salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, tunafyeka majani kando ya reli mpaka mgongo unakatika, na msumari unaendelea kunenepa.

Ulikuwa na mwaka mmoja na miezi michache. Habari ikaja kwamba bibi yako, mama yake mama yako, anaumwa sana huko Kirungu. Mama yako alikuja hapa kazini. Nyumbani nilikuwa nimekataza kabisa kuulizwa mambo ya njia, nilisema nimechoka nayo, basi mke wangu alisimama kwenye foleni na wewe mgongoni, nyuma ya mtu wa mahindi. Zamu yake ilipofika aliniuliza: "Kirungu iko na njia?" Nilifungua kaye. Mstari wa juu wa Kalemie: Moba ipo. Mstari wa chini wa Kirungu: Moba ipo. Nikamwambia, "Iko," na nikamwambia asogee wengine wapite. Nilitaka wale watu waone kwamba hata mke wangu namjibu haraka kama wao.

Kikaratasi cha Moba kilikuwa kwenye msumari, nyuma ya bega langu. Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda mwaka ule yakafunika gati la Moba. Boti ilikuwa inawashusha watu wa Moba kwenye mchanga mmoja katikati ya njia, mahali pa wavuvi, na kutoka hapo kamio, lori moja, ilikuwa inawazungusha kwa nchi kavu. Halafu kijito kimoja kilikata barabara, kamio ikasimama. Hiyo ndiyo habari niliyoandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikaichoma, nikaendelea na kazi.

Mama yako akashushwa pale. Boti ikaendelea kusini kupakia mahindi, na ikipakia hairudi kwa pwani, inakata ziwa katikati mpaka hapa. Akasubiri kamio siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wanaume walikuwa wanapita kwa miguu, wanavuka kile kijito kwa kushika kamba, maji kifuani. Yeye alikuwa na wewe mgongoni. Alijaribu mara moja. Maji yalifika kwenye miguu yako ukapiga kelele, akarudi. Mbele hapitiki, nyuma hapitiki. Alikaa pale kwa mama mmoja anayekausha samaki, mwezi mzima na siku zaidi.

Tulikuambia siku zote kwamba ulijifunza kutembea Kirungu, katika kiwanja cha bibi yako, na kwamba bibi alikupigia makofi. Si kweli. Ulijifunza kutembea kwenye ule mchanga, kati ya vichanja vya samaki, na mama yako alikuwa hana nguvu ya kukupigia makofi. Bibi yako alikuwa amekwisha kuzikwa. Mpita njia mmoja ndiye aliyemwambia, akiwa anakamua maji kwenye suruali. Tulitunga ile habari ya makofi ili uwe na kitu cha bibi yako. Nisamehe na hiyo.

Na mimi wiki zile? Mimi nilikuwa nawaambia watu kwamba mke wangu yuko Kirungu, amefika vizuri. Mpaka siku mtu alipokuja kuuliza Moba, nikageuka kutafuta biki yangu ya kuandikia, macho yakaangukia msumari. Nilisoma kikaratasi changu mwenyewe. Nilifunga dirisha mchana wa kazi, kitu ambacho sijawahi kufanya tena, nikakaa chini nikarekebisha kaye, mistari yote, siku mbili bila kulala vizuri. Nilipomaliza nikauliza kaye kama mtu wa foleni: kutoka Kalemie mpaka pale alipo mke wangu, nafika? Boti ya safari ile ilikuwa imesimamishwa kabisa. Hakuna jina linalofanana. Na kutoka pale mpaka Kalemie? Hakuna. Safari hii kaye ilikuwa sahihi kabisa, na usahihi wake haukunifaa kitu. Nilikwenda kwa wavuvi kila siku kuuliza nani anafika mbali vile, wakanitazama kwa huruma, na wengine kwa kicheko, maana huyu njo Citoyen Njia. Mwishowe mtumbwi mmoja wa kule ulikuja kuuza mihogo, na mama yako alikuwa amekaa juu ya magunia, na wewe ulishuka ukatembea mwenyewe kunijia. Nilifurahi na niliona haya kwa wakati mmoja.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema tu, "Mama amekwisha kuzikwa," akaenda nyumbani kuoga. Tangu siku ile hajaniuliza njia yoyote. Umewahi kujiuliza kwa nini mama yako hajafika Kirungu maisha yako yote, wakati gati la Moba lilitengenezwa zamani? Mara nyingi nilimwambia, mama Sifa, sasa iko, nimeuliza mwenyewe, twende tukaone kaburi. Ananijibu kwamba ana kazi ya shamba. Nilimfunga hapa, Sifa. Boti zinakwenda na yeye hapandi, kwa sababu neno langu halina nguvu tena kwake.

Kuhusu kaye nilijirekebisha. Siku hizi kando ya kila jina naandika kwa penseli njia linayosimamia, na njia ikifa nafuta siku hiyo hiyo, hata kama foleni inafika uwanjani. Ni kazi ya kuchosha. Lakini nimeona kitu ambacho sikukitafuta. Mstari wa juu wa Kalemie, ule wa kutoka, unafupika. Ulikuwa na majina tisa. Leo una manne, na mawili kati ya hayo ni ya kubahatisha. Kila miezi michache nachukua kifutio. Watu wa mji wanaona treni imechelewa, wanasema ah, itakuja. Mimi peke yangu nafuta. Najihisi kama mtu aliye ndani ya chumba na yeye mwenyewe ndiye anayefunga madirisha, moja moja, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Kwa hiyo Alhamisi, nilipoweka simu chini, sikuwaza kama baba mwema. Niliwaza: Sifa apite kabla jina halijafutika. Nafasi ya shule ya ualimu uliipata kwa kichwa chako, na ukikaa hapa mwaka mmoja tu, hutatoka tena, utauza ndagala na wenzako barazani na kusahau hesabu zote. Nilijua nikikuambia ukweli utakataa kwenda, kwa ajili ya mama yako. Na nilijua nisipokuambia, nimekushusha kwenye mchanga ule ule kwa mara ya pili. Siku tano nimezunguka kati ya hayo mawili.

Leo nilirudi nyumbani kula, wewe ulikuwa umekwenda kuaga kwa masista. Nikamwambia mama yako yote, boti, Jumapili, yote. Alikuwa anafunga kitenge juu ya mzigo wako. Hakuacha kufunga. Alikaza fundo, akasema bila kunitazama:

"Mimi ulinichagulia. Huyu usimuchagulie."

Nikamuuliza, na akiamua kwenda? Akasema atakwenda. Nikamuuliza, na sisi? Hapo ndipo alipolia, na mimi pia nililia, na ndagala za safari ziliungua kidogo. Ukizila utaonja.

Basi hii barua nakupa mkononi jioni hii, kabla ya chakula, si kwenye treni. Sitakuambia uende, sitakuambia ubaki. Nikupe kitu kimoja ambacho najua kuliko mtu yeyote wa mji huu. Kutoka hapa mpaka Kabalo unaweza kurudi. Kabalo unabadili treni, na kutoka Kindu mpaka hapa pia unaweza kurudi: nimeuliza asubuhi hii, si kwa kaye bali kwa mtu aliyeiona treni hiyo kwa macho, na nimemsihi aulize tena siku mtakayofika. Kitabu cha barua za gare kitakuwa na jina lako kule Kindu, na tikiti ya kurudi, imelipwa. Usiione kama ni mimi nakuvuta. Ipo tu, uitumie au uitupe mtoni.

Ukirudi, nitakuja kupokea sanduku lako mwenyewe, na hakuna atakayekuuliza neno, nitawanyamazisha. Ukiendelea, kila Jumatatu nitapiga simu Kindu kuuliza kama kuna kitu chochote kinachopanda ule mto, na siku kitakapokuwepo utajua kabla ya mtu mwingine yeyote. Kama hakitakuwepo mimi na mama yako tukiwa hai, basi ujue tulijua, na wewe ulijua, na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Pale Kindu kuna ubao mmoja kati ya gati na boti. Ukiwa upande huu wa ubao, nyumbani unafika. Ukiwa upande ule, hufiki. Watakusukuma, watapiga kengele, mtu mwenye mbuzi atakutukana. Waache wapite. Simama hapo kadiri unavyotaka, mwanangu. Mama yako hakupewa mahali pa kusimama.

Ni mimi,
Papa yako